Ukuta Usiojibu

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ni mtu wa kuta. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hudhani kuwa ni mtu wa vitabu, lakini mimi nilihangaika zaidi na kuta kuliko na vitabu: kuta za matofali tuliyofyatua na kuyachoma wenyewe, kuta za kupaka chokaa kabla mkaguzi hajafika, kuta za kufuta matusi kila likizo ilipokwisha, na kuta za kuchora. Katika shule zetu za Singida, ambako kitabu kimoja kiliweza kugombewa na watoto wanane, ukuta ndio uliokuwa kitabu cha wote. Tulichora ramani ya Afrika. Tulichora maji yakipanda kutoka ziwani na kurudi tena kama mvua. Tulichora moyo na mishipa yake, mmoja mwekundu na mwingine wa buluu, na nakiri hapa kwamba wapo watu wazima mkoani kwetu ambao mpaka leo wanaamini nusu ya damu yao ni ya buluu, kwa sababu ndivyo ukuta wangu ulivyowaambia.

Kwa hiyo nilipobishiwa hodi jioni moja ya Agosti 2024, na vijana wawili wakaniambia kuwa wamekuja kwa jambo la ukuta, niliwakaribisha kama watu wa kazi moja na mimi.

Wa kwanza nilimfundisha mwenyewe. Siku hizi ni fundi wa mabango pale mjini. Huchora milango ya saluni, maduka ya pembejeo na migongo ya bajaji, na mkono wake ni mzuri kuliko alivyokuwa akiuonyesha katika daftari la hesabu. Wa pili alikuwa binti msomi wa mambo ya kompyuta, anayefanya utafiti wa magonjwa ya mimea. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, walinieleza haja yao. Wameombwa na serikali ya kijiji chetu kuchora ukuta wa ghala la mazao, ule unaotazama uwanja wa mnada. Wangependa kuwaonyesha wananchi hii akili mpya ya mashine ni kitu gani, na itawafaa nini katika kilimo. Walitaka mimi niwatungie maneno ya kuandika chini ya picha.

Nikawauliza kwanza tuiite jina gani. Huu si ushamba wa mzee. Kitu hiki kimeingia kwetu na majina matatu, na kila jina lina hukumu yake ndani. Wako wanaosema akili bandia. Lakini sisi tunajua noti bandia na dawa bandia, na mtu akikuuzia kitu bandia unampeleka polisi. Wako wanaosema akili mnemba, na ukimtajia mtu wa kawaida hilo neno atakumbuka kisiwa cha Zanzibar. Wako wanaosema akili unde, kutokana na kuunda. Mimi nalipenda hilo la tatu, kwa sababu kilichoundwa kina muundaji, na mwenye kusikia ataweza kuuliza ni nani. Binti alicheka akasema kuwa serikalini wanatumia mnemba. Basi, tukaacha.

Kisha fundi akafungua karatasi yake.

Kilikuwa kichwa. Kichwa kikubwa, chenye kimo cha ukuta mzima, kikiwa na jicho la kioo na nyaya mahali pa nywele, na miale ikitoka pande zote kama jua la asubuhi. Chini yake alisimama mkulima mdogo, ameinama, akinyoosha jani la muhogo kuelekea juu, na kiganja kikubwa cha chuma kikimshukia. Ilikuwa picha nzuri sana. Walinitazama wakisubiri sifa, nami sikuweza kusema neno. Niliwaomba waniache nilale nayo, warudi kesho.

Lazima nieleze kilichoniziba mdomo.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya vijijini. UKIMWI ulikuwa umejulikana nchini tangu 1983, walipogunduliwa wagonjwa wa kwanza mkoani Kagera, na kufikia miaka hiyo ulikuwa umeshafika kwetu. Dawa za kurefusha maisha hazikuwapo kwa watu wa aina yetu. Tuliloweza ni kuonya, nasi tulionya kwa vitisho, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule karibu kila mahali. Niliamuru ukuta wa nje wa darasa la tano, ule unaotazama barabara, upakwe rangi nyeusi, na juu yake pachorwe mifupa ya mtu. Niliongeza jambo kutoka kichwani mwangu mwenyewe: mifupa ile ikae mlangoni mwa nyumba ya tembe, kama zilivyo nyumba zetu, ili mwananchi aone kuwa ugonjwa huu si wa mjini tu. Wageni waliopita waliusifu ukuta ule. Nami nilijiona mtu mwenye maarifa.

Katika darasa hilo hilo la tano alikuwamo binti mmoja ambaye baba yake alirudi nyumbani akiwa mgonjwa. Asubuhi za Juni na Julai kwetu ni za baridi na upepo, na mgonjwa yule alikuwa akitolewa nje kukaa mlangoni mwa tembe yao aote jua. Watoto hawakuhitaji kuambiwa. Nyumba ile ikapewa jina: kwa mifupa. Haikupita wiki, binti akaacha kuja shule. Mimi, mwalimu mkuu, nilichukua daftari la mahudhurio nikamwandika mtoro. Nilimwandika mtoro kwa majuma matatu, kwa wino mwekundu. Baba yake alifariki kabla ya mwisho wa mwaka, binti akachukuliwa na shangazi yake wilaya nyingine, na sikumwona tena.

Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka 30. Ukuta wangu haukusema uongo: ugonjwa uliua, na onyo lilihitajika. Lakini mtu aliyekuwa na jina, mke, na deni la mbegu dukani, niliwafundisha watoto wamwone kuwa yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Na kosa la pili, ambalo nilichelewa zaidi kulitambua, ni kwamba ukuta haukuwa na mtu wa kuulizwa. Kama ningesema maneno hayo mkutanoni, mama yake binti angeweza kusimama akanijibu. Angejibuje ukuta?

Mwaka 1994 niliupaka chokaa mara mbili. Kila masika yalipoulowesha, mifupa ilionekana tena.

Kesho yake vijana walirudi, nami niliwasimulia habari hii. Kisha nikawaambia kwamba mimi nilimgeuza mtu kuwa kitu, nao wanataka kukigeuza kitu kuwa mtu, na kwamba sikujua ni lipi baya zaidi, ila niliona ni makosa ya ukoo mmoja.

Fundi hakukubali. "Mwalimu, samahani, nikubishie kidogo," alisema. Akanikumbusha kuwa mimi mwenyewe niliwapandisha kwenye lori walipokuwa darasa la sita nikawapeleka Kolo, Kondoa, kuangalia michoro ya mapangoni, ile ambayo Bibi Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wa pale wamechorwa wembamba na warefu kama mabua ya uwele. Je, waliowachora walikuwa waongo? Na marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1972, chui wake wana madoa ambayo hakuna chui aliyewahi kuwa nayo. Je, naye nimpeleke kwenye kikao cha nidhamu? "Watu hawasimami kutazama jani, mwalimu. Watu husimama wakiona uso."

Alinibana vizuri, na nilifurahi, maana mwanafunzi anayekubana ni malipo ya uzeeni. Nilimjibu hivi. Sina ugomvi na picha isiyofanana na kitu. Hata yale maji yangu ya ukutani yalipanda mbinguni kwa mishale, na hakuna mtoto aliyetoka nje kutafuta mishale. Lakini hakuna mtu anayekwenda kuwinda kwa kufuata madoa ya Tingatinga. Mbele ya ghala la mazao, siku ya mnada, mama anakuja kuamua kama ang'oe muhogo wake au auache. Picha ambayo mtu ataitegemea kwa chakula cha watoto wake ina deni ambalo picha nyingine hazina. Deni hilo si kufanana na kitu. Ni kutomficha mhusika.

Nikamgeukia binti, nikamwomba anieleze hicho kichwa kina nini ndani yake. Anieleze kama anavyomweleza mtoto wa darasa la nne.

Alinitolea mfano wa programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA. Unaielekezea simu jani la muhogo, nayo inakuambia kama ni batobato, au michirizi ya kahawia, au utitiri wa kijani, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Msingi wake ulitoka hapa hapa Tanzania. Watafiti walipiga picha za majani katika mashamba ya karibu na Bagamoyo, zaidi ya picha 2,000, na mabingwa wa mimea wakaitia kila picha jina la ugonjwa wake. Kompyuta ikapitishwa juu ya picha hizo mara nyingi, kila ikikosea inarekebishwa hesabu zake, mpaka ikaweza kutambua jani ambalo haikuwahi kuliona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

"Kwa hiyo ndani ya kichwa hiki mna nini?" nilirudia.

"Majani, mwalimu," alisema. Kisha akanyamaza kidogo. "Na watu walioyapa majina."

Hapo fundi aliichukua karatasi yake akaikunja, na sikumwambia aikunje.

Nadhani hii ndiyo sehemu ngumu ya jambo zima. Mashine hizi tunaletewa kana kwamba zimeshuka. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na unajisi, moja baada ya jingine, na kuyatia alama, kusudi mashine iitwayo ChatGPT ijifunze kuyakataa. Wako waliosema kuwa kazi ile iliwaharibia usingizi. Sasa mtu akichora kichwa kinachong'aa, kijana yule wa Nairobi yuko wapi katika picha? Amekuwa mwale mmoja wa nuru. Na bingwa wa muhogo aliyeinama juani kule Bagamoyo naye yuko wapi? Mwanasayansi anaweza kusema kuwa yeye hakuomba kichwa, ni msanii aliyekitaka. Msanii anaweza kusema kuwa yeye alichora alichoelezwa. Nimewahi kusikia udhuru wa namna hiyo kutoka kwa wanafunzi wawili waliovunja dirisha moja.

Lakini binti alikuwa na jambo jingine, na kwa hakika ndilo lililotufanya tukae mpaka taa ikawashwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru pamoja na watu. Kwa jani moja moja, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima wenyewe walipatia kati ya asilimia 18 na 31. Soma tena takwimu hizo, ndugu msomaji. Mashine inakosea karibu mara moja katika kila tatu, na bado inamshinda bwana shamba.

Fundi aliuliza, "Sasa theluthi ya kukosea nitaichoraje?" Lilikuwa swali la kweli. Ukuta hausemi labda. Ukuta husema ndiyo tu, kwa sauti kubwa, usiku na mchana. Binti alipendekeza kuandika asilimia zote, pamoja na vielelezo vyenye mishale, mpaka ghala lingefanana na ubao wangu wa hesabu, na hapo mimi na fundi tulikuwa upande mmoja wa kumkatalia. Hatimaye ni yeye aliyekumbuka sehemu nyingine ya utafiti ule: ukikagua majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, Nuru hupatia kati ya asilimia 74 na 88. Fundi akapiga goti lake kwa kiganja. Sita anaweza kuyachora.

Walichora kwa siku nne mwezi Septemba. Niliwaazima ngazi yangu. Mkono wa mwanamke, mkubwa, wenye kucha zenye udongo, umeshika majani sita ya muhogo yaliyotandazwa kama karata. Simu ni ndogo, imelala juu ya gunia. Nyuma ya simu inatoka njia nyembamba kama ya shambani, na juu ya njia hiyo wako watu: anayepiga picha ya jani, anayeandika jina lake, kijana aliyekaa mbele ya kompyuta usiku ameshika kichwa. Hao hawakuchorwa wazuri wala wabaya. Maneno niliyotunga yalikuwa matatu tu, na hata hayo niliyaona mengi: KAGUA MAJANI SITA.

Niliwasihi jambo moja zaidi, kutokana na kumbukumbu ya ujana. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu mpya kabisa kutoka chuo cha ualimu, niliongoza kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 tulikaa chini ya mti na redio na kijitabu, tukisikiliza habari za malaria, kuhara, kichocho na minyoo. Nchi nzima walishiriki karibu watu milioni 2. Redio nayo haijibu, kama ukuta. Lakini ilipozimwa, watu walibaki pale wakabishana, na kwa ubishi huo vyoo vikachimbwa. Nimeona pia picha za vijana wa Mathare, Nairobi, waliochora kuta za mtaa wao mwaka 2020 kuwaonya majirani juu ya korona. Walichora wanapoishi, na aliyekuwa na swali alijua wapi pa kuwapata. Basi nikamwambia binti: siku ya mnada weka kiti chini ya ukuta, ukae.

Alikaa. Watu walikuja wengi. Mama mmoja muuza vitunguu aliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa jani la nne limekosewa, muhogo wa kwetu hauna jani la namna hiyo, na fundi akapanda ngazi palepale akalirekebisha huku akizomewa kwa furaha. Kisha mama yule akamgeukia binti.

"Bwana shamba akinidanganya, najua nyumba yake," alisema. "Simu hii ikinidanganya nikang'oa muhogo wangu, niende kwa nani?"

Binti alimweleza, kwa upole na kwa Kiswahili safi, zile asilimia: simu hukosea mara chache kuliko bwana shamba.

"Sikuuliza nani anakosea zaidi, mwanangu. Nimeuliza niende kwa nani. Kati ya hawa mliowachora, nani anakaa karibu?"

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, na sina jibu lililotulia. Mshauri anayekosea mara nyingi lakini ana mlango wa kubishwa hodi, na mshauri anayekosea mara chache lakini hana mlango, yupi ni bora kwa mtu maskini? Akili yangu inasema wa pili. Muhogo uliookoka ni muhogo. Lakini nimekuwa mshauri mwenye mlango maisha yangu yote. Wazazi wamenijia saa tatu usiku wakiwa na hasira, na mara nyingi walikuwa na haki, na kwa hasira zao nilijifunza kazi. Mama wa yule binti wa 1991 hakuja. Nilikuwa na mlango, lakini nilikuwa nimemwekea ukuta mbele yake. Laiti angekuja. Nisingeweza kumrudishia mumewe, lakini nisingemwandika mtoto wake mtoro.

Upande wa kulia wa ukuta wa ghala ulikuwa umeachwa mweupe kwa ajili ya tangazo la mbegu. Fundi alisema kuwa hapo ndipo atamchora mtu wa kuendewa, kwa sura yake halisi, ili kila mmoja amjue. Tulitafuta ni nani. Binti alijitoa, lakini utafiti wake ulikuwa unakwisha Desemba. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kuchorwa, ila kwa sababu nyingine. Ndipo tulipokwenda, mimi na fundi, kwa bwana shamba wa kata. Alicheka tulipoanza kumweleza, akauliza kama tutamchora na kofia. Tulipofika kwenye swali la yule mama aliacha kucheka.

"Kwa hiyo nijibu makosa yangu na ya simu?" aliuliza.

Nilimwambia ndiyo, nadhani ndivyo mama anavyotaka. Akatuomba tumpe wiki mbili afikiri. Hajatuambia kitu mpaka sasa ninapoandika, wala simlaumu. Ngazi yangu bado iko ghalani.